Gengeni hakosei chenji, darasani anapata 16

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Uyole hapa Mbeya, nina genge la viazi, vitunguu na mboga. Mwanangu wa pili ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Mwezi wa pili kuna watu walifika shuleni kwao kupima akili za watoto. Walichukua alama za vidole, wakauliza maswali machache, tukalipa elfu thelathini. Karatasi imerudi inasema akili yake kubwa ni ya mwili na ya maumbo, na akili ya hesabu iko chini. Jaribio la juzi la hisabati kapata 16 kati ya 50. Baba yake anasema tusimsumbue, akimaliza aende ufundi. Kinachonichanganya ni kwamba nikimwachia genge hakosei chenji hata siku moja, na magari ya waya anayounda watoto wa mtaa mzima wanakuja kuagiza. Je, niiamini ile karatasi? Na kama si ya kuamini, nitamfundishaje kutatua maswali wakati mimi mwenyewe niliishia darasa la saba? Wanasema kuna kipimo cha pili cha elfu hamsini.

JIBU: Marahaba mama, na poleni na baridi ya huko. Nikupe kwanza jibu la haraka ili usisome huku moyo unadunda: karatasi iweke kabatini, kipimo cha elfu hamsini usilipe, na hesabu asiachishwe. Sababu zake ni ndefu kidogo.

Nianze na vidole, maana hapo sina cha kubembeleza. Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, na akishazaliwa haibadiliki. Inatufaa kwa kitambulisho cha taifa, kwa kusajili laini ya simu, na polisi nao wana kazi nayo. Kama mtoto ataweza kugawanya au hataweza, kidole hakisemi. Anayekuuzia kipimo hicho anakuuzia utabiri, sawa na msoma viganja, isipokuwa huyu ana kompyuta. (Risiti mlipewa lakini?)

Maneno yenyewe, "akili ya mwili", "akili ya maumbo", hayo yana kwao. Mwaka 1983 Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, alitoa kitabu akisema akili si kitu kimoja cha kupimwa kwa namba moja. Alikuwa amefanya kazi na wagonjwa walioumia ubongo, akaona jinsi mtu anavyoweza kupoteza uwezo mmoja na mwingine ukabaki: maneno yamekwenda, lakini wimbo anauimba. Akahesabu akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya maumbo na nafasi, ya muziki, ya mwili, ya kuelewana na watu, na ya mtu kujielewa mwenyewe. Miaka ya tisini akaongeza ya nane, ya kutambua viumbe na mazingira, ile aliyonayo bibi wa Rungwe anayejua kila jani la shambani kwake kwa jina na kwa kazi yake.

Kitu ambacho watu wa semina hupenda kukiruka ni jinsi alivyoieleza akili yenyewe. Kwake yeye, akili ni uwezo wa kutatua matatizo, au kutengeneza vitu, vyenye thamani kwa jamii ya mahali fulani. Sasa rudi kwenye barua yako. Mtoto anaunda magari, watoto wa mtaa mzima wanakuja kuagiza. Uyole imeshampima kwa kipimo cha Gardner, na haikuwatoza kitu.

Lakini nadharia hii nayo si msahafu. Tangu mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alishaonyesha kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, jambo ambalo lisingetokea kama kila akili ingeishi chumba chake na kufunga mlango. Wanasaikolojia wengi mpaka leo wanamwambia Gardner kwamba anachokiita akili ni vipaji na ujuzi mbalimbali, na kwamba ushahidi wa kuzitenganisha hautoshi. Mimi nasimama karibu na hao wanaomkosoa, ingawa namshukuru kwa kuwafanya walimu wainue macho kutoka kwenye daftari wamtazame mtoto.

Kilichoharibu zaidi ni matumizi. Utasikia kuna "mtoto wa kuona", "mtoto wa kusikia" na "mtoto wa kutenda", kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walizipitia tafiti za mitindo hiyo ya kujifunza, hawakukuta ushahidi wa kuridhisha kwamba mtoto akifundishwa kwa "mtindo wake" anaelewa zaidi. Gardner mwenyewe ameandika kwamba akili zake na mitindo hiyo ni vitu viwili. Na yeye na wenzake walipotaka kujua uwezo wa watoto wadogo hawakushika vidole vyao. Waliwapa vitu vya kufanya, kimojawapo mashine ya mkono ya kusagia chakula, waifungue na kuifunga tena, wao wakakaa pembeni wanatazama.

Niseme na kosa langu hapa. Miaka mingi iliyopita niliendesha semina ya walimu wa shule za msingi huko huko Rungwe. Nikagawa karatasi ya akili nane, nzuri, yenye picha. Baada ya miezi miwili nikapita shule mojawapo, nikakuta ofisini wamebandika manila yenye safu nane, na majina ya watoto chini ya kila safu. Nikafurahi. Kisha nikauliza kama kuna jina limewahi kuhama safu. Hakuna. Nilipotoka nje niliwakuta watoto wa safu ya "akili ya mwili": wanapanda kilima na ndoo za maji vichwani, wakati wenzao wa safu ya "mantiki" wako ndani wanafanya marudio. Mwalimu hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafuata karatasi. Na karatasi ilikuwa yangu.

Ndiyo maana sipendi ile iliyorudi nyumbani kwako. Inaanza na sifa na kuishia na ruhusa ya kumwacha. Na ajabu ni kwamba mtu aliyeanzisha vipimo vya akili vya maswali alikuwa na nia tofauti kabisa. Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali yao Paris mwaka 1905 ili kuwajua watoto wanaohitaji kusaidiwa zaidi, na miaka minne baadaye Binet akawapinga kwa maandishi waliokuwa wakidai akili ya mtoto ni kiasi kilichokwisha kupimwa, hakiongezeki.

Sasa tuje gengeni.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote niliyosoma katika kazi hii. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha walichokiona mitaani Recife, mji wa Brazili. Watoto walikuwa watano tu, wa miaka 9 hadi 15, wanaouza nazi na vitu vingine vidogo vidogo. Watafiti wakaja kama wateja: nipe nazi hizi, nikikupa noti hii utanirudishia ngapi? Katika biashara watoto walipatia asilimia 98 ya hesabu. Siku nyingine wakapewa hesabu za namna ileile za shuleni. Zilipokuwa mafumbo ya maneno walipatia asilimia 74. Zilipokuwa namba tupu, asilimia 37.

Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja kruzeiro 35 (fedha ya Brazili wakati huo). Akasema tatu ni 105, akaongeza 30 ikawa 135, akamalizia tano: 140. Alipopewa karatasi yenye 35 mara 4, akafanya kama alivyofundishwa: nne mara tano ishirini, andika sifuri, chukua mbili, mbili na tatu ni tano, tano mara nne ishirini. Akaandika 200. Mtoto mmoja, namba zilezile. Na 200 ni karibu bei ya nazi sita.

Huyo ni mwanao, mama. Gengeni namba ni viazi na ni noti, na kuna mkaguzi amesimama mbele yake, yaani mteja, ambaye hawezi kukubali kupunjwa hata shilingi mia. Daftarini namba hazina mwenyewe. Anafuata hatua alizokariri, na akiteleza hatua moja hakuna wa kumwambia kwamba jibu limekuwa kichekesho. Wala uhodari wa gengeni hauendi darasani wenyewe kwa miguu yake. Tangu mwaka 1901 wanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha kwamba mazoezi ya kazi moja hayakusaidii sana kwenye kazi nyingine kama mambo ya ndani yake hayafanani. Lazima mtu amjengee mtoto daraja, na kwa kuwa genge ni lako, kazi hiyo itakuangukia wewe.

Jioni wateja wakipungua muulize: sado nne za viazi kwa 3,500 ni shilingi ngapi? Atasema elfu kumi na nne. Usimsifie bado. Muulize, "Umefikaje?" Pengine atakujibu kwamba mbili ni elfu saba, na mbili nyingine elfu saba. Basi aandike maneno yake hayohayo:

3,500 + 3,500 = 7,000
7,000 + 7,000 = 14,000

Watoto wengi hawajawahi kuambiwa kwamba walichofanya kichwani ni hesabu halali. Wanadhani ni ujanja wa sokoni. Kikiwa tayari kimeandikwa, chini yake aandike 3,500 × 4 na aifanye kwa njia ya darasani. Huenda akapatia. Huenda akakuletea 20,000, kosa lilelile la yule wa Recife. Ikiwa hivyo, usiseme "umekosea". Muulize kama mteja angekubali kutoa elfu ishirini kwa sado nne. Nimeliona hili mara nyingi: mtoto anacheka kwanza, halafu kalamu inarudi nyuma yenyewe kutafuta ilipopotea.

Hapo ndipo mweleze ile mbili waliyoambiwa "waichukue". Nne mara mia tano ni elfu mbili, na mbili hiyo ni elfu mbili. Nne mara elfu tatu ni elfu kumi na mbili. Ile elfu mbili inasubiri kujumlishwa tu, kwa kuwa ilishazidishwa, na kosa la yule mtoto lilikuwa kuizidisha mara ya pili. Mkae na jambo hilo siku tatu, nne, kwa bei tofauti. Msikimbilie maswali ishirini. Moja lililoeleweka mpaka chini linatosha kwa jioni.

Umeniuliza utafundishaje na darasa la saba lako. Kazi niliyokupa ni kuuliza "umefikaje" na kusubiri, na hiyo haihitaji cheti. Ugumu wake ni kunyamaza. Wasomi wengi hapo ndipo tunaposhindwa, mtoto akisita sekunde tano tumeshamjibia.

Kuna mtego mwingine ambao gengeni haupo, nao ni wa lugha. Hebu mjaribu na hili: "Mariamu ana maparachichi 15. Ana maparachichi 6 zaidi ya Tumaini. Tumaini ana mangapi?" Watoto chungu nzima wakiona "zaidi" mkono unakimbilia kujumlisha, wanaandika 21 badala ya 9. Kosa si lao peke yao. Sisi walimu tumewazoesha kwamba "zaidi" ni jumlisha, "baki" ni toa, "kila mmoja" ni gawanya, wakaacha kusoma sentensi wakawa wanatafuta neno. Mpe maparachichi ya kweli, mwambie ayapange mafungu mawili mezani. Kabla hajashika la kwanza atauliza: "Kwani mwenye mengi ni nani?" Swali hilo ndilo alipaswa kujiuliza akiwa na kalamu.

Nilipata kumuuliza mtoto mmoja, "Tofauti ya 42 na 17 ni nini?" Akanitazama, akajibu, "Moja kubwa, nyingine ndogo." Kwa Kiswahili cha nyumbani jibu hilo halina kasoro. Kwa watoto wanaolala na Kisafwa au Kinyakyusa na kuamka na Kiswahili cha kitabu, mitego hii ni mingi zaidi. Kila siku chukueni neno moja la hisabati, tofauti, jumla, salio, mzingo, robo tatu, alieleze kwa maneno yake na kwa kitu kilichopo gengeni. Msiposhinda siku ya kwanza, keshoyake lipo.

Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 1945 kwamba kutatua swali kuna hatua nne: lielewe, panga njia, ifanye, kisha rudi utazame ulichofanya. Shuleni muda wetu mwingi unaishia hatua ya tatu. Maparachichi mezani ni hatua ya kwanza. Mteja wa elfu ishirini ni ya nne. Ya pili, kupanga njia, inahitaji swali ambalo njia yake haiko wazi, na hilo mchana kutwa unalo mbele yako, limefungwa kamba.

Ninasema lile gunia la lumbesa. Namba hizi ni zangu za mfano, wewe weka za wiki hii. Umelinunua kwa 70,000, limetoa madebe saba. Debe moja linatoa sado tano. Mnataka faida ya 35,000. Sado muiuze bei gani? Usimwambie afanye nini. Mwache ahangaike. Kuna mtoto atachora madebe saba na kupiga vistari vitano kila moja, na huyo wako nina hakika atachora. Sado ni 35. Fedha zinazotakiwa ni 105,000. Kila sado 3,000. Vizuri.

Halafu mwambie, "Viazi vya sado tatu vimeoza." Sasa sado ni 32, na 105,000 gawanya kwa 32 haitoki vizuri, inakuja 3,281 na vipande. Hakuna mteja Uyole atakayetoa shilingi 3,281. Muuze 3,300? Mtapata 105,600, ila kila mara mtahangaikia chenji ya mia mbili. Muuze 3,500? Mtapata 112,000, kama wateja hawatahamia genge la jirani. Au mpunguze kilima juu ya sado ili zitimie nyingi? (Hapo mtaongea kuhusu uaminifu, na mimi ningependa kuwepo.) Mama, hilo ndilo tatizo la kweli: halina jibu nyuma ya kitabu, lina majibu matatu na kila moja lina gharama yake. Mtoto wa miaka kumi aliyelipigania jioni nzima amefanya hesabu kuliko aliyenakili ubaoni maswali kumi ya kugawanya.

Magari ya waya sijayasahau, nilikuwa nakuja.

Siku moja kaa umtazame akiunda, bila kumwelekeza. Ninavyowajua mafundi wa umri huo, gari likivuta kulia hafumui lote. Anakunja mhimili kidogo, anasukuma, anatazama. Bado linavuta. Anaurudisha ulivyokuwa, anabadilisha tairi la malapa ambalo limeliwa upande mmoja, anasukuma tena. Kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia kilichotokea ni njia ya fundi gereji, na ni ya mtu wa maabara pia. Muulize alijuaje kuwa shida ni tairi na si mhimili. Akikueleza kwa mpangilio, ujue uwezo wa kutatua matatizo tayari upo, ila haujawahi kualikwa kwenye daftari.

Mwalikeni kwa namna hii. Kabla hajakata waya, achore gari na aandike vipimo. Fremu ya chini urefu sentimita 30, upana 15: mzingo wake ni 90. Fremu ya juu ileile, 90 nyingine. Nguzo nne za sentimita 10, jumla 40. Una waya wa mita mbili, zitatosha? Atagundua zimepungua sentimita 20, na atagundua kabla ya kukata. Kisha aamue mwenyewe: ashushe paa, apunguze urefu, au akatafute waya. Mzingo anaufanya darasani, lakini mzingo wa kitabuni haujawahi kumharibia gari.

Baba yake msimpinge kwa ugomvi, kuna kitu anakiona. Hofu yangu ni akidhani ufundi ni mahali pa kwenda ukikimbia hesabu. Nendeni naye siku moja mahali wanapochimba msingi wa nyumba mumtazame fundi anavyopata kona. Anapima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, halafu anahakikisha kutoka ncha hadi ncha ni 100 kamili. Isipofika 100 au ikizidi, kona si mraba na nyumba itakaa upande. Wapo wanaoifanya kwa mazoea bila kujua jina la Pythagoras, Mgiriki wa kale ambaye kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake, na hawa wanafanya vizuri tu mpaka siku mwenye nyumba anapotaka kitu ambacho hawajawahi kukijenga. Kwa mitaala mipya iliyoanza mwaka 2024 sekondari ina mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi, na kijana wenu anaweza kuupenda sana. Hata huko hisabati atakutana nayo.

Mengine niyapitie haraka. Anakaa wapi darasani? Kama yuko nyuma na haoni ubao vizuri, nyumbani hutajua, kwa sababu viazi viko karibu; mpelekeni apimwe macho. Mvua ikipiga bati mwalimu hasikiki nyuma, na Mbeya mvua ni nusu mwaka. Je, anaenda shule amekunywa hata uji? Na anakuwa gengeni mpaka saa ngapi usiku? Hilo la mwisho ulijibu mwenyewe, mimi nisiwepo.

Mwalimu wake usimwendee na karatasi ya vidole wala na barua yangu. Nenda na daftari la jaribio alilopata 16, na umwombe dakika kumi mlitazame pamoja. Zile alama 34 zimepotelea wapi? Kama zimepotea kwenye namba tupu, kazi yenu ni ile ya 3,500 mara nne. Kama ni kwenye mafumbo, mtego ni wa lugha. Kama ameacha nafasi tupu bila hata kujaribu, hiyo ni hofu, na inatibiwa kwa njia nyingine: kwa wiki mbili au tatu umhesabie kila alilojaribu, limetoka lisitoke. Mwisho wa mwaka ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, muda upo wa kutosha kama mtaanza sasa, kidogo kidogo.

Jambo moja nakuomba unijibu: karatasi ile ameshaisoma? Kama ameisoma anajua imeandikwa hesabu ziko chini, na mtoto wa miaka kumi huamini kilichochapwa kwa kompyuta kuliko anachoambiwa na mama yake. Usimbembeleze kwa maneno kwamba ana akili. Mwachie genge Jumamosi moja, na daftari la mauzo aliandike yeye: vilivyouzwa, bei, jumla, faida. Jioni mhesabu fedha pamoja mlinganishe na daftari. Mfano fedha zikapungua mia tano, msiziache, mzitafute mpaka zionekane ziko mstari gani.

Katika zile elfu hamsini mnunulie daftari la hesabu, rula, tepu ya fundi na koili ya waya. Chenji itabaki, mwulize ni shilingi ngapi. Ukiniandikia tena baada ya jaribio lijalo usiniandikie alama tu. Chagua swali moja alilokosa, uninakilie alivyolifanya mstari kwa mstari, hata pale alipofuta.